Nyusi za Mwalimu Breki

Kabla hajawa mwalimu wa vijana, Mwalimu Breki alifundisha watu kuendesha magari kwa miaka kumi na moja. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa abiria, chini ya mguu wake mwenyewe. Mguu huo ulizoea kazi mpaka leo haukubali kwamba kazi iliisha. Akiingiwa na wasiwasi, hata akiwa kwenye foleni ya benki, mguu wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe. Vijana wa kitengo waliliona hilo wiki ya kwanza tu, wakampa jina, na jina likamganda.

Kitengo chenyewe ni vyumba viwili nyuma ya shule. Kimoja kina meza na mabenchi. Kingine kina jiko, kitanda cha kufanyia mazoezi ya kutandika, na mlango mbovu uliowekwa kwa ajili ya kufuli tu, ili watu wajifunze kufunga na kufungua. Wanaokuja hapo ni vijana wa miaka kumi na sita na kumi na saba ambao akili zao hujifunza kwa mwendo wa peke yake: mmoja anahitaji kuonyeshwa mara mia, mwingine hasemi ila anaelewa kila kitu. Kazi ya Mwalimu Breki ni kuwaandaa kwa siku ile wanayotimiza miaka kumi na minane. Siku hiyo kitengo kinawaaga. Kesho yake kijana ama ana mahali pa kwenda, ama anakaa kwenye kochi la nyumbani, na kochi likishamzoea mtu halimwachii.

Namna yake ya kufanya kazi ni hii. Akisikia mahali wanatafuta mfanyakazi, anakwenda kwanza yeye mwenyewe kujifunza. Amewahi kuosha vyombo vya hoteli, kupanga vitabu, kufunga sabuni kwenye maboksi. Akishaijua kazi anaikata vipandevipande, kila kipande kinapata kadi yenye picha. Halafu anamleta kijana, anasimama naye bega kwa bega, na kila wiki anarudi nyuma hatua moja, mpaka siku moja yuko nje ya mlango na kazi inaendelea.

"Siku mtakayonisahau," huwaambia wazazi, "ndiyo siku nitakayojua nimefanya kazi."

Sasa, kati ya vijana wake wote hakuna aliyemtia kiwewe kama Meya.

Meya ni binti mfupi, mcheshi, aliyezaliwa na hali ambayo madaktari huiita Down. Jina hilo alilipata mtaani kwao kwa sababu hapiti mtu bila kumsalimia. Mtu akiitikia kwa haraka-haraka, Meya anasimama na kusubiri salamu ya pili iliyo nzuri zaidi. Safari ya dakika tano kwenda dukani inachukua nusu saa, kama ya mheshimiwa aliye kwenye kampeni.

Mwalimu Breki alipofika nyumbani kwao kuuliza Meya anataka kazi gani, alimkuta mama yake, fundi cherehani, katikati ya vitambaa na nyuzi.

"Meya, ungependa kufanya kazi gani?" akauliza.

"Anapenda kufagia," mama akajibu.

"Meya, unapenda kufagia?"

"Anapenda sana. Na kukunja nguo."

Mwalimu Breki akafungua mkoba, akatoa pipi ngumu, ile ya kumung'unya. Hizo huzinunua kwa pakiti, na si kwa ajili ya watoto. "Mama, nakuomba. Weka hii mdomoni, usiseme neno mpaka iishe."

Mama akacheka, akaiona sura ya mwalimu haitanii, akaiweka mdomoni. Meya akamtazama mama yake, akamtazama mwalimu, akasubiri mtu ajibu. Hakuna aliyejibu. Pipi ilikuwa imebaki nusu alipofungua mdomo.

"Nataka kazi ya wanaozaliwa."

Mama akatoa macho na kuonyesha kwa mikono: hospitali, anapenda watoto wachanga.

"Sio hospitali, mama," Meya akasema. "Vifaranga. Vya kwenye boksi. Wanatoka wenyewe."

Mama alikaa na pipi shavuni, amepigwa na butwaa. Miaka kumi na saba, na ndiyo kwanza anasikia.

Mahali pa kutotoleshea vifaranga palikuwepo, mitaa mitatu kutoka hapo. Mwenyewe ni mzee mmoja mkavu wa maneno ambaye watu humwita Baba Vifaranga. Ana mashine mbili kubwa kama makabati ya nguo, zinazonguruma mchana kutwa, na ndani yake joto haliruhusiwi kupanda wala kushuka. Ukifungua mlango unapigwa na hewa ya moto yenye unyevu na harufu ya manyoya. Kila Jumatatu mayai mapya yanaingia. Siku ya ishirini na moja maganda yanaanza kugongwa kwa ndani, na wanatoka viumbe waliolowa, wabaya wa sura, ambao baada ya saa chache ni mipira ya njano inayopiga kelele.

Lakini kazi nyeti iko siku ya saba. Siku hiyo mayai yanapelekwa kwenye chumba cha giza, na kila moja linawekwa juu ya kisanduku chenye taa na tundu dogo kama sarafu. Mwalimu Breki alipoonyeshwa mara ya kwanza alisahau kupumua. Yai lililo tupu linawaka lote, rangi ya chungwa, basi. Yai zima lina doa jeusi, na kutoka kwenye doa hilo mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui. Kiumbe anayetazamwa hajazaliwa, hana habari, na moyo wake unadunda.

"Nikitupa zima, nimetupa kifaranga," Baba Vifaranga alieleza. "Nikiacha tupu, litaoza, litapasuka mle ndani, na litawaharibia wenzake. Kwa hiyo mafungu ni mawili. La kushoto yanarudi kwenye mashine. La kulia yanatoka. Na mayai yasikae nje zaidi ya nusu saa, yatapata baridi."

"Nipe Jumatatu tano na binti yangu mmoja," Mwalimu Breki akasema.

Mzee akamtazama Meya, ambaye tayari alikuwa ameshamsalimia mara mbili. "Sawa. Ya tano anaingia peke yake na trei moja, mayai thelathini. Akiweza, kazi ni yake kama mtu yeyote. Asipoweza, tunaagana kwa heshima. Simpi mtu kazi kwa huruma, kuku hawana huruma."

Meya alikuwa anatimiza miaka kumi na minane Alhamisi ya wiki hiyo hiyo ya tano. Baada ya hapo hapakuwa na Jumatatu nyingine.

Kuosha trei na kuandika tarehe kwenye maganda kwa penseli alikujua ndani ya siku mbili. Kwenye chumba cha giza alianza kwa kupata mayai kumi na tisa kati ya thelathini. Jumatatu ya pili, ishirini na manne. Ya tatu, ishirini na manane. Mwalimu Breki hakulala kwa furaha. Alirudi nyuma kama kawaida yake, akatoka ubavuni mwa Meya, akahamia ng'ambo ya meza. Jumatatu ya nne Meya akapata yote thelathini. Baba Vifaranga aliyapima tena moja moja, akasema "Haya," na kwa mzee yule hiyo ilikuwa hotuba.

Walikuwa wameanza trei ya pili, furaha tele, simu ya Mwalimu Breki ilipolia. Akageuka kuipokea.

"Mwalimu, geuka."

"Endelea tu, mama. Niko kwenye simu."

"Geuka kwanza."

"Kwani kuna nini?"

"Huyu sijui kama ni mzima. Hujaniambia."

Mwalimu Breki akakata simu. "Meya, mimi sijawahi kukuambia. Nimekaa kimya wiki nne."

"Huwa unaniambia. Kwa nyusi." Meya akamwonyesha. Alipandisha nyusi zake juu: "Huyu mzima." Akabana midomo kidogo: "Huyu hayupo."

Mwalimu Breki akatazama chini, mezani. Kisanduku kilikuwa kinatupa mwanga kwenda juu, moja kwa moja usoni mwake. Yeye aliyekuwa akijisifu kwamba anarudi nyuma, alikuwa amekwenda kusimama mahali pazuri kuliko pote pa kusomwa. Meya hakuwa amejifunza mayai. Alikuwa amejifunza uso wa mwalimu wake, na ameusoma bila kukosa hata mara moja.

Akajitanda mtandio usoni, wakaanza upya. Meya akaweka yai, akasubiri, akasema, "Mzima."

"Umejuaje?"

"Umevuta pumzi."

Akageukia ukutani, akabana pumzi, akawa anachungulia kwa pembe ya jicho. Meya akaweka yai jingine. Chini ya meza mguu wa kulia ukakanyaga sakafu, ta.

"Hayupo," Meya akasema, na akaliweka kulia.

Lilikuwa tupu kweli. Mwalimu Breki alitaka kulia, akajikuta anacheka mpaka akashika meza, na Meya, ambaye hakuona kichekesho kiko wapi, akacheka pia kwa kumsindikiza.

Jioni alikwenda kwa mama yake Meya kusema ukweli wote. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, mguu juu ya kanyagio la cherehani. Kisha akainuka, akavuta droo, akatoa pipi.

"Kumbe wewe ndiye wa kumung'unya, Mwalimu," akasema. "Mimi namjibia kwa mdomo, wewe unamjibia kwa nyusi. Tofauti yetu nini?"

Mwalimu Breki akaipokea na kuiweka mdomoni. Alistahili.

Zilibaki siku saba. Aliomba Baba Vifaranga amruhusu kuja na Meya Alhamisi kurudia trei ya mayai yale yale, ambayo sasa yalikuwa na siku kumi. Safari hii hakubeba kadi hata moja. Kadi zile zilisema "tafuta mishipa", na mishipa ilikuwa kitu alichokiona yeye. Alizima taa, akakaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango, mahali ambapo mwanga haumfikii.

"Usinitafute mimi," akasema. "Mimi sipo. Niambie wewe unaona nini."

Meya aliweka yai juu ya tundu. Akalitazama kwa muda mrefu. Mwalimu Breki akaushika mguu wake kwa mikono miwili ili usiseme chochote. Kisha ikasikika sauti ndogo, ya heshima, ile ile ya njiani.

"Habari yako."

Akasogeza jicho karibu na ganda.

"Ameitika," Meya akasema.

"Ameitika vipi?"

"Amefanya hivi." Akayumbisha mkono polepole, kama mtu anayepunga akiwa ndani ya maji.

Mwalimu Breki akainuka, akasogea, akainama. Alikaa hapo akihesabu kimoyomoyo. Na kweli, lile doa jeusi liliyumba, likatulia, likayumba tena. Wiki zote hizo yeye alikuwa anaweka yai, anaona mishipa, anaondoa, mbio-mbio kama mtu anayegonga mihuri. Hakuwahi kukaa na yai moja kwa muda wa salamu.

"Na asiyeitika?" akauliza.

"Namsalimia tena. Mara tatu. Asipoitika, hayupo."

Walisalimia trei nzima. Mwalimu Breki alitoka pale amelowa jasho, anatembea kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa wenyewe wasije wakakidai. Usiku huo hofu moja tu ilimkaba: kwenye mayai ya siku kumi kifaranga amekua, anajionyesha. Ya siku saba je?

Jumatatu ya tano ikafika. Mama yake Meya alifunga cherehani yake akaja, amevaa kama anayekwenda harusini. Baba Vifaranga alibeba trei mpaka kwenye chumba cha giza, akaangalia saa yake ya mkononi, akasema, "Nusu saa," akatoka. Meya akaingia. Mlango ukafungwa.

Nje kulikuwa na benchi moja. Mama alikaa. Mwalimu Breki hakuweza. Baba Vifaranga akachukua trei iliyokuwa safi kabisa akaanza kuiosha.

Dakika kumi. Kutoka ndani kulikuwa kunasikika mnong'ono, ukikatika na kuanza.

"Anaongea na nani?" mzee akauliza.

"Na mayai," mama akajibu.

Mzee akasugua trei. "Yanamjibu?"

"Baadhi yake."

Dakika ishirini. Ishirini na tano. Mwalimu Breki alikuwa ameshajua namna tatu za kugonga mlango huo na sababu za kila moja, akazimeza zote. Dakika ya ishirini na saba mlango ukafunguka, Meya akatokeza, kipaji cha uso kinang'aa kwa jasho, kichwa wazi.

"Tayari."

Wote walijibana ndani, Mwalimu Breki nyuma kabisa, uso ameugeuzia mlangoni kwa kuogopa nyusi zake. Baba Vifaranga akaanza fungu la kushoto. Alikuwa akinyanyua, anatazama, anashusha, na mwalimu anahesabu.

"Ishirini na manne. Mazima yote."

Akahamia kulia. "Matatu. Matupu yote." Kisha akaonyesha kwa kidole. "Na haya?"

Katikati ya meza, Meya alikuwa ametandika kitambaa chake cha kichwa, na juu yake mayai matatu yamelala.

"Hao sijui," Meya akasema.

"Nilisema mafungu mawili."

"Ndiyo, Mzee. Lakini hao sijui. Nimewasalimia mara tatu. Sijui."

Mwalimu Breki akafumba macho. Kadi zake zote, tangu aanze kazi, zilikuwa na ndiyo na hapana. Hakumfundisha mtu yeyote kusema sijui. Hata hakuwahi kufikiri kwamba ni kitu cha kufundisha. Mama alifungua mdomo. Kisha, bila pipi wala nini, akaufunga.

Baba Vifaranga akachukua yai la kwanza kwenye kitambaa. "Hili zima. Ganda zito tu." La pili. "Hili tupu." La tatu akaliweka juu ya taa, akaligeuza, akaligeuza tena, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Msalimie," Meya akamshauri.

Mzee akakohoa. Akatazama kushoto na kulia kama mwizi, ingawa chumba kilikuwa na giza. "Habari yako," akaliambia yai, kwa sauti ya chini sana.

Wakasubiri, watu wanne.

"Mh," mzee akasema hatimaye. "Hata mimi silijui."

Akalirudisha juu ya kitambaa, taratibu. "Kabla yenu nilikuwa na kijana hapa, mtoto wa dada yangu. Hodari. Dakika nne, trei imekwisha. Alikuwa na jibu kwa kila yai. Mwezi mmoja yalinipasukia kumi na tisa mle ndani, siku mbili sikula." Akamgeukia Meya. "Yeye hakuniambia sijui hata mara moja. Wewe ungeliweka wapi hili?"

Meya akafikiri. "Tumrudishie joto. Tumtazame tena siku nyingine."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi," mzee akarudia. Akachukua penseli, akachora alama kwenye lile yai la tatu, akaliweka fungu la kushoto. "Basi Alhamisi ufike saa moja na nusu. Usichelewe kwa kusalimia watu njiani, salamu zako utazimalizia hapa."

"Kuja kujaribu tena?" Meya akauliza.

"Kuja kazini, mama. Kwani wewe umekuja kufanya nini hapa wiki zote hizi?"

Walipotoka nje ya chumba, mama yake Meya alijikuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anacheka na kujifuta macho kwa mtandio wa Mwalimu Breki, kwa sababu wake aliuacha kwenye benchi. Mwalimu Breki mwenyewe nyusi zilikuwa zimepanda mpaka kwenye nywele na hakuna aliyezitazama. Meya alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani, upesi upesi.

"Kuna trei ya pili," Baba Vifaranga akasema akiwa tayari anaileta. "Kama hujachoka."

"Sijachoka."

Aliipokea, akaingia nayo. Mwalimu Breki akamfuata kwa mazoea, akashika mlango, akatia kichwa ndani.

"Mwanga unaingia, Mwalimu," Meya akasema bila kugeuka.

Mwalimu Breki akakitoa kichwa, akavuta mlango polepole mpaka ukashika.

"Tukae hapa tumsubiri?" mama akauliza kutoka kwenye ndoo.

"Anatoka saa sita. Njia ya nyumbani anaijua."

Mama akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akakung'uta sketi yake ya harusini, na wakatoka wawili hao kwenda zao, wakitazama nyuma kwa zamu.